Mimba Iliyopitiliza Siku 15 Ikabadili Dunia (na Jina la Ziwa Letu)

Wiki kadhaa zilizopita kuna staa mmoja wa kike hapa mjini, jina kapuni, alipost picha ya tumbo lake na kuandika maneno matatu tu: bado tupo, tunasubiri. Mtu wangu, zile komenti! Mmoja anamwambia aende hospitali haraka wakamwanzishie uchungu, mwenzake anamjibu kwamba mtoto ana siku yake na madaktari wanapenda kuharakisha watu. Wa tatu kaleta mafuta ya nyonyo. Wa nne kaandika "mwite baba mtoto amalize alichokianza" na kuweka vikatuni vya kucheka. Watu wakaanza kutukanana pale kana kwamba wamebeba wao hiyo mimba.

Mimi nilicheka mwanzoni. Halafu nikaacha, kwa sababu siku hizohizo dada yangu alikuwa kwa mama huku Mbagala na tumbo lake, tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki imeshapita, na nyumba imegawanyika vilevile kama zile komenti. Mama anasema embe likiiva linadondoka lenyewe. Shemeji anasema hapana mama, hospitali. Dada mwenyewe kanyamaza, anahesabu mateke ya mtoto.

Mimi si daktari, shule nimeishia kidato cha nne, na biolojia nilipata alama ambayo siitaji hapa. Ila usiku nilikuwa silali, nikaingia kwenye simu kutafuta hili jambo lilianzia wapi. Nikakuta kumbe watu wamegombania "tusubiri au tuanzishe" kwa zaidi ya miaka 200, na ugomvi wenyewe umeua binti wa mfalme mtarajiwa, ukamuua na daktari wake, na ukafika mpaka Mwanza. Kaa vizuri.

BINTI WA NYUMBA KUBWA

Mwaka 1817 Uingereza ilikuwa na binti mmoja anayependwa kuliko mtu yeyote kwenye familia ya kifalme. Anaitwa Charlotte. Babu yake ni mfalme George wa Tatu, mzee mgonjwa wa akili. Baba yake ndiye anayeshika nchi kwa niaba ya mzee, na wananchi hawampendi kwa sababu ya anasa na madeni, tena ugomvi wake na mkewe ulikuwa unaandikwa magazetini kama hawa mastaa wetu wanavyoachana mitandaoni. Charlotte ndiye mtoto wao pekee. Na sikia hili: mfalme George alikuwa na watoto 12 walio hai, wa kiume na wa kike, lakini mjukuu halali alikuwa mmoja tu, Charlotte. Wajomba, sijui niseme baba wadogo, walikuwa na michepuko na watoto wa nje, ila wa ndani hakuna. Kiti cha ufalme chote kinamtegemea huyu msichana.

Mei 1816 akaolewa na Leopold, kijana mzuri wa sura kutoka kwenye familia ya kitawala ya Ujerumani, mfuko mtupu ila mapenzi tele. Wakahamia kwenye nyumba yao Claremont, nje kidogo ya London. Mwaka 1817 akashika mimba. Nchi nzima ikaanza kubeti, kweli kabisa, watu waliweka pesa kubashiri atazaliwa wa kike au wa kiume.

Mtu aliyepewa kazi ya kumwangalia alikuwa Sir Richard Croft. Huyu alimpunguzia chakula na kumtoa damu mara kwa mara, kwa sababu enzi hizo waliamini mjamzito akishiba sana mtoto atakuwa mkubwa kupita njia. Leo tukisoma tunashika kichwa. Wakati ule ndiyo ilikuwa huduma ya kitajiri.

Tarehe waliyotarajia ilikuwa 19 Oktoba. Ikafika, ikapita. Siku tatu, wiki, siku kumi. Hakuna uchungu. Charlotte ana miaka 21, tumbo zito, na kila mtu nchini anajua tarehe yake. Hebu vaa viatu vyake kidogo.

Sasa usidhani enzi hizo hawakujua kumwanzishia mtu uchungu. Walijua. Tangu katikati ya miaka ya 1700 wazalishaji wakubwa wa London walishakubaliana kwamba mwanamke mwenye nyonga nyembamba anaweza kupasuliwa chupa mapema ili azae mtoto akiwa bado mdogo. Aliyeandika habari za makubaliano hayo ni Thomas Denman, na huyo Denman ni baba mkwe wa Croft! Kwa hiyo Croft hakuwa mjinga wa hilo. Ila kumwanzishia mtu eti kwa sababu siku zimepitiliza tu, hilo halikuwa jambo la kawaida, na mafundisho ya wakati ule yalisema asili ina njia zake, mzalishaji mzuri ni yule anayekaa mikono mfukoni.

Uchungu ukaanza wenyewe jioni ya 3 Novemba, siku 15 baada ya tarehe. Ukaenda usiku ule, siku iliyofuata, usiku mwingine, siku nyingine. Takriban saa 50. Vigogo wa serikali na askofu mkuu wamekaa chumba cha jirani wanasubiri kushuhudia kuzaliwa kwa mrithi. Croft akaita daktari mwingine, John Sims, ambaye angeweza kutumia koleo za kuzalishia. Sims akafika. Koleo zilikuwepo. Hazikutumika, na Sims mwenyewe hakuingizwa hata kumwona mgonjwa. Wakasubiri.

Usiku wa 5 Novemba mtoto akatoka, wa kiume, mkubwa, wa uzito wa kilo nne hivi. Amefia ndani. Walijaribu kumpulizia pumzi na kumsugua, wapi. Charlotte alipoambiwa alilipokea kwa utulivu, na watu wakaona basi angalau mama amepona. Saa chache baadaye, alfajiri ya tarehe 6, hali ikabadilika ghafla, tumbo linauma, kupumua shida, na akafariki. Wengi wanaamini ni damu iliyovuja baada ya kujifungua, ila madaktari wanabishana mpaka leo.

Uingereza ililia, si mchezo. Vitambaa vyeusi viliisha madukani. Masikini waliokosa nguo walifunga vipande vyeusi mkononi. Na lawama zote zikamwangukia Croft. Familia ya kifalme haikumshitaki, Leopold na baba yake Charlotte hata walimtumia salamu za kumtuliza, lakini mitaani alikuwa ameshahukumiwa. Februari 1818, akiwa kwenye nyumba ya mwanamke mwingine anayejifungua, uchungu nao umerefuka, akachukua bastola akajiua. Mtoto, mama, daktari. Misiba mitatu kwenye kesi moja.

Sasa usifunge ukurasa, maana hapa ndipo inatugusa sisi. Mrithi hakuna tena. Wale baba wadogo wa Charlotte, wanaume watu wazima, wakaanza mbio za kuoa. Mmoja wao, Duke wa Kent, alikuwa ameishi na mpenzi wake kwa miaka zaidi ya 25. Akamuacha, akaoa mjane wa Kijerumani ambaye ni dada yake Leopold. Mei 1819 wakapata binti. Wakamwita Victoria. Ndiyo, yuleyule. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alipofika Mwanza na kuona maji hayaishi, akalibatiza ziwa jina la malkia wake, wakati wenyeji walishaliita Nyanza na majina mengine tangu zamani.

Na Leopold mjane? Waingereza hawakuwa na kazi naye tena, mwaka 1831 akapewa kiti cha mfalme wa Ubelgiji, akaoa upya, akapata mtoto wa kiume akampa jina lake. Huyo mtoto ndiye Leopold wa Pili, aliyeishika Kongo kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, mambo ya mpira na mikono iliyokatwa. Ndugu zetu wa Goma na Lubumbashi wanaosoma hapa mnaijua hiyo kuliko mimi. Sisemi kwamba Charlotte angepona Kongo ingesalimika, wazungu wengine walikuwepo. Nasema tu kwamba watu hao wawili, Victoria na Leopold wa Pili, wasingezaliwa kama chumba kile cha Claremont kingemalizika vingine.

TAREHE YENYEWE NANI ALIHESABU?

Ukimaliza kumlilia Charlotte swali linakuja: hiyo 19 Oktoba waliipata wapi? Hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho sikukisikia kwenye komenti hata moja.

Ile hesabu ya kliniki, kwamba unachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unaongeza siku 7, unarudisha miezi mitatu nyuma, inaitwa kanuni ya Naegele. Naegele alikuwa profesa wa Heidelberg, Ujerumani, miaka ya mwanzo ya 1800. Naye hakuigundua maabara. Aliichukua kwa Mholanzi Boerhaave wa karne ya nyuma yake, na msingi wake ni miezi kumi ya mwandamo, siku 28 mara 10, jumla 280. Namba imekaa vizuri sana, utadhani imepangwa. Tatizo ni kwamba hao wazee hawakuweka wazi kama unahesabu tangu hedhi ilipoanza au ilipoisha! Vitabu vya baadaye vikaamua "ilipoanza", na ndiyo tunayotumia.

Juu ya hapo inachukulia kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28 na yai linatoka siku ya 14. Dada zangu mnaosoma hapa, wangapi mko hivyo kila mwezi? Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walifuatilia mimba ambazo hazikuwa na tatizo lolote wakakuta wanawake wa kizungu wanaozaa kwa mara ya kwanza walibeba wastani wa siku 8 zaidi ya hiyo kanuni. Na watoto wanaozaliwa kwenye tarehe yenyewe hasa ni kama mmoja kati ya 20. Kwa hiyo ile tarehe kwenye kadi ni katikati ya kipindi cha wiki kadhaa, lakini sisi tunaisoma kama tarehe ya mwisho ya kulipa kodi.

Waingereza walishindwa kuhesabu mpaka mahakamani. Mwaka 1825 bunge lao la mabwana lilikaa kusikiliza kesi ya mtoto wa lodi mmoja mwanamaji. Bwana alisafiri na meli, aliporudi mke akajifungua, na hesabu ikaja siku 311 hivi tangu walipoachana. Wazalishaji maarufu wa London wakapanda mmoja mmoja kutoa ushahidi, huyu anasema haiwezekani, yule anasema yeye mwenyewe ameona mimba ndefu hivyo. Mama alikuwa na mchepuko na mtoto alifichwa, kwa hiyo mtoto akanyimwa urithi. Poa. Sasa njoo mwaka 1948, kesi nyingine, mume alikuwa mbali, siku 349, na mahakama ikasema mtoto ni wa ndani! Siku 349! Miaka michache mbele mwingine akaja na siku 360, mabwana wakakataa. Yaani majaji wasomi wa nchi kubwa wanabishana kama sisi kwenye kijiwe cha kahawa.

Kilichokuja kunyoosha mambo ni utrasaundi. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitoa picha zao za kwanza mwaka 1958, na mashine za mawimbi ya sauti walizianza kwa kuazima zile za kukagua vyuma viwandani. Mwaka 1973 hukohuko Glasgow wakaonyesha kwamba ukimpima mtoto urefu kutoka kichwani hadi matakoni ndani ya miezi mitatu ya kwanza, unapata umri wake kwa kukosea siku chache tu. Baada ya hapo watoto wanakua kila mmoja kivyake, na kipimo cha mwezi wa nane kinaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu. Shika hiyo, tutairudia.

UNGA WA KUZALIA, UNGA WA KUUA

Ukishasoma ya Charlotte unaweza kusema basi, kusubiri ni ujinga, waanzishwe wote. Ngoja kwanza.

Mwaka 1808 daktari mmoja wa jimbo la New York, John Stearns, aliandika barua akisifia unga alioujua kupitia wakunga. Unatokana na kuvu jeusi linaloota kwenye nafaka inayoitwa rai. Mpe mama kidogo, anasema, uchungu unakuja kwa kasi, na wewe daktari hupotezi nusu siku kumsubiri. Aliusifia hivyo kabisa, kwamba unaokoa muda. Ukaitwa kwa Kilatini jina lenye maana ya unga wa kuzalia, na ukasambaa kama habari za umbea. Lakini kipimo hakikuwa sawa kila mara, na uchungu wake haukuwa ule unaokuja na kuachia, ulibana moja kwa moja. Mtoto anakosa hewa, na mji wa mimba unaweza kupasuka. Ilipofika miaka ya 1820 David Hosack, daktari mkubwa wa jiji la New York, akaona watoto wanaozaliwa wamekufa wanazidi, akasema unga huu heshima yake ni kuitwa wa kuua. Akashauri utumike baada ya mtoto kutoka tu, kuzuia damu. Huko ulikaa na ukaokoa wengi.

Na sisi tuna zetu. Kila mtaa kuna bibi anajua mizizi ya "kuongeza uchungu", unachemshiwa unapewa kwenye chai kabla ya kwenda hospitali, na manesi wanakuta tumbo limebana kama jiwe wala hawajui umekunywa nini. Siwacheki hao bibi. Yule mzungu na unga wake alikuwa anafanya kitu kilekile, tofauti ni kwamba alikuwa na digrii. Mafuta ya nyonyo nayo yana historia ndefu, ila ukiuliza waliokunywa wengi wanakumbuka choo kuliko uchungu.

Wazungu waliendelea. Mwaka 1906 Henry Dale, London, aligundua kwamba maji ya tezi moja ndogo chini ya ubongo yanabana mji wa mimba wa paka. Miaka mitatu baadaye daktari wa Liverpool, Blair-Bell, akaripoti kuitumia kwa wanawake. Sindano ikiingia imeingia, huwezi kuirudisha, kwa hiyo nayo ilipasua watu. Mpaka miaka ya 1940 mwishoni alipotokea Theobald na wazo la kuichanganya kwenye dripu, matone machache machache, ukiona imezidi unafunga. Dripu ya uchungu tunayoijua ndiyo hiyo. Mwaka 1953 Mmarekani du Vigneaud akaitengeneza maabara bila kutegemea tezi za wanyama, na mwaka 1955 akapewa Nobel.

Halafu kuna kipande ambacho sijui kwa nini hatukufundishwa shuleni. Dawa za kulainisha mlango wa kizazi, zile wanazoweka chini au unameza kabla ya dripu, kwa wanawake zilianzia Kampala! Sultan Karim alikuta kwenye maji ya uzazi ya wanawake walio kwenye uchungu kuna kemikali inayoitwa prostaglandini, na mwaka 1968 yeye na wenzake wa Makerere wakatangaza kwamba wameitumia kuanzisha uchungu kwa wanawake pale pale Kampala. Dunia nzima ikafuata. Leo mama akianzishiwa Stockholm au Toronto, kuna mkono wa Afrika Mashariki humo ndani.

Na kwa yule aliyekomenti "mwite baba mtoto": kemikali hiyohiyo iligunduliwa kwa mara ya kwanza kwenye shahawa, miaka ya 1930. Kwa hiyo wazo lako lina asili yake, mkubwa. Ila waliojaribu kupima kama kweli tendo linaleta uchungu hawajapata jibu la kueleweka, na chupa ikishapasuka ni marufuku.

Dawa zilipokuwa rahisi, mkono ukawa mwepesi. Katikati ya miaka ya 1970 huko Uingereza zaidi ya theluthi moja ya wanaojifungua walikuwa wanaanzishiwa, na magazeti yakapiga kelele kwamba madaktari wanataka watu wazae saa za kazi ili jioni wawe nyumbani. Miaka 160 nyuma walimlaani Croft kwa kusubiri, sasa wanawalaani wengine kwa kutosubiri.

WALIPOAMUA KUPIMA BADALA YA KUBISHANA

Mwaka 1992 Kanada walitoa utafiti wa wanawake 3,407 waliofika wiki 41, nusu wakaanzishiwa, nusu wakasubiri huku wanaangaliwa. Watu wengi, na mimi mmojawapo, tunaamini ukianzishiwa utaishia kisu. Ilikuwa kinyume: walioanzishiwa ndio waliofanyiwa upasuaji kidogo zaidi.

Mwaka 2019 Sweden wakatoa wao. Hospitali 14, wanawake 2,760, hawa waanzishiwe wiki ya 41, hawa wasubiri mpaka ya 42. Waliusimamisha kabla haujaisha. Kundi la kusubiri walikufa watoto 6, kundi la kuanzishiwa hakufa hata mmoja, na upasuaji ulikuwa sawa tu pande zote. Nilipoisoma hiyo saa nane usiku niliamka nikaenda kusikiliza mlangoni kwa dada kama amelala. Lakini watafiti walewale wakaandika kwamba inabidi uanzishie wanawake 230 ili uokoe mtoto mmoja. Maana yake ukimchukua mjamzito yeyote wa wiki 41, uwezekano mkubwa ni kwamba akisubiri atazaa salama. Mama na embe lake hajakosea kwa 229. Ila nani anataka kuwa wa 230?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kuanzisha kwa mwanamke ambaye ana uhakika ametimiza wiki 41. Mimi nilipita juu ya hilo neno "uhakika" mara mbili kabla sijaliona. Wanaouliza tusubiri au tuanzishe wanaruka swali la kwanza: wiki 41 kuanzia lini?

Nikamuuliza dada ile tarehe ya kadi ilitoka wapi. Akasema siku ya kwanza kliniki nesi alimuuliza hedhi ya mwisho, foleni ndefu nyuma yake, hakumbuki vizuri, akataja mwanzo wa mwezi wa Ramadhani kwa sababu alikumbuka kitu cha futari. Basi. Hicho ndicho tulichokuwa tunagombania sebuleni wiki nzima! Nikamuuliza hakuwahi kupiga utrasaundi mapema? Akafikiri. Akasema aliwahi, kabla hata ya kuanza kliniki, alipotokwa na matone ya damu akaogopa, akaenda kwenye zahanati moja ya kulipia na hakumwambia mtu.

Tulipekua nyumba. Karatasi tuliikuta ndani ya bahasha ya vyeti vyake vya shule, chini ya cheti cha darasa la saba. Wiki 9 na siku 4, na tarehe. Nikahesabu kwenye kalenda ya simu, nikarudia, nikampa shemeji naye ahesabu. Kwa kadi alikuwa na wiki 40 na siku 3. Kwa karatasi alikuwa na 41 na siku 5.

Mama alivaa kilemba bila kusema kitu. Tulifika hospitali usiku, nesi mmoja mtu mzima akaitazama karatasi kuliko kadi, akamwita daktari, wakampima mapigo ya mtoto, wakampima njia ikawa bado imefunga. Wakamwambia kila kitu, kwamba wataanza na dawa ya kulainisha, kipimo kidogo. Nikaja kusoma baadaye kwamba kidonge chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo na kina mikrogramu 200, wakati WHO wanasema cha kuanzisha uchungu ni 25, yaani moja ya nane. Ndiyo maana wanaokinunua dukani na kumeza nyumbani wanakuja kupasuka, hasa mwenye mshono wa zamani. Usithubutu.

Haikuwa rahisi kama kwenye filamu. Ilichukua usiku, mchana na usiku mwingine. Dripu ilipoanza dada alimtukana shemeji matusi ambayo sikujua anayajua. Alfajiri ya siku ya pili akatoka mtoto wa kike, ngozi yake imekauka inabanduka kama ya mtu aliyekaa majini muda mrefu, kucha ndefu. Yule nesi akamgeuza geuza, akamwambia mama, "Bibi, mjukuu wako alikuwa ameshaanza kuchoka na nyumba." Mama akaangalia pembeni akajifuta macho na khanga.

Yule staa naye amejifungua, mmeona wenyewe, hongera yake.

Sasa mliobeba mnaosoma hapa: mtoto akipunguza kucheza usisubiri wiki yoyote wala posti yangu, nenda. Na ile karatasi ya utrasaundi ya kwanza iko wapi muda huu? Kaitafute, halafu shuka kwenye komenti utuambie kadi na karatasi zimepishana siku ngapi. Kwa dada ilikuwa siku 9.